Je, Dawa Yaweza "Kuoza" Jichoni? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Tiba

Hivi karibuni ilifika mezani kwetu rasimu ya tafsiri ya maelezo kwa wagonjwa wa macho wanaoombwa kushiriki katika utafiti. Maelezo hayo yahusu dawa isiyodondoshwa kwa matone, bali iliyofungwa ndani ya chembe za polima na kuingizwa jichoni kwa sindano, ili itoke kidogo kidogo kwa muda wa majuma au miezi. Mfasiri ameandika Kiswahili safi, na sehemu kubwa ya kazi yake twaisifu. Lakini mgonjwa anaambiwa kwamba dawa yake imo katika "plastiki inayooza ndani ya jicho". Kwa maneno hayo matano, rasimu nzima imeharibika.

Mtu aliyekwisha kupoteza nuru ya jicho moja, naye anatakiwa kutia sahihi karatasi ya ridhaa ili jicho la pili lichomwe sindano, atayaelewa vipi maneno hayo? Akikataa, atakuwa amekataa jambo ambalo halipo. Akikubali, atakuwa amekubali asilolijua. Kwa hali zote mbili istilahi imemdhulumu. Ndiyo maana twaona suala hili si la wanalugha peke yao.

Kabla ya kuhakiki neno, hapana budi tulijue jambo lenyewe. Jicho limeumbwa kujilinda. Dawa ya matone ikitiwa, machozi huisukuma nje mara moja, na konea, yaani utando angavu wa mbele, huzuia sehemu kubwa ya ile iliyosalia. Kwa kawaida isiyofika asilimia 5 ya dawa ndiyo ipenyayo ndani. Retina, yaani utando wa nyuma upokeao mwanga, haipati karibu kitu. Kwa sababu hiyo magonjwa ya nyuma ya jicho hutibiwa kwa sindano, na sindano hizo mara nyingi hurudiwarudiwa. Wataalamu basi wakatafuta chombo cha kuihifadhi dawa humo humo jichoni na kuitoa polepole.

Polima itumikayo sana kwa kazi hiyo ni ile iundwayo kwa asidi laktiki na asidi glikoli, ijulikanayo kwa kifupi kama PLGA. Ikiwa ndani ya mwili, maji hupenya katika polima na kuikata minyororo yake mirefu kuwa mifupi, na mifupi kuwa mifupi zaidi, mpaka zibaki zile asidi mbili. Asidi laktiki si mgeni kwetu: ndiyo iyatiayo maziwa ya mtindi ukali wake, na misuli yetu huitengeneza kila siku. Hatimaye mwili huzigeuza asidi hizo kuwa maji na kaboni dioksidi.

Sasa tuliangalie neno "kuoza". Katika Kiswahili kinachooza ni nyama, tunda, jino, kidonda. Kuoza kuna harufu, kuna ugonjwa, na kuna vijidudu vinavyofanya kazi hiyo. Lakini katika mwanzo wa kuvunjika kwa PLGA hakuna kijidudu hata kimoja. Kazi hiyo hufanywa na maji. Tena vijidudu kuingia jichoni baada ya sindano ni miongoni mwa ajali ambazo daktari wa macho huziogopa kuliko zote, kwani zaweza kupofusha. Istilahi iliyoteuliwa, basi, yamwahidi mgonjwa jambo lile lile ambalo daktari anajitahidi kulizuia.

Mfasiri hakulizua neno hili. Twadhani amelitoa katika lugha ya mazingira. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 1957 + 60, yaani 2017, na Tanzania mwaka 2019, wananchi wamezoea kusikia habari za mifuko inayooza na isiyooza. Huko neno hilo ni sahihi kabisa, kwa kuwa mfuko uliofukiwa ardhini huliwa na vijidudu vya udongo. Kosa limetokea pale sifa moja ya Kiingereza, itumikayo shambani na hospitalini vilevile, ilipodhaniwa kwamba lazima ipate neno moja la Kiswahili. Istilahi hufuata kazi inayotendeka, haifuati umbo la neno la kigeni.

Wako wanaopendekeza "kuyeyuka". Neno hili halitishi, na bila shaka muuguzi atalitumia anapozungumza na mgonjwa, hatutamlaumu. Lakini sukari iliyoyeyuka katika chai ingali sukari, na barafu iliyoyeyuka ingali maji. Polima hii haibaki polima. Isitoshe, kuyeyuka kwaleta picha ya jambo la dakika chache, hali mgonjwa apaswa kujua kwamba kitu hicho kitakaa jichoni mwake kwa majuma mengi.

Wengine wapendelea "kumeng'enyeka". Hili limekwisha kuzoeleka shuleni kwa habari ya chakula tumboni, ambako vimeng'enya ndivyo vifanyavyo kazi. Lafaa kwa polima zivunjwazo hasa na vimeng'enya, kama vile jelatini. Kwa PLGA, ambayo mtendaji wake mkuu ni maji, lingepotosha.

Sisi twapendekeza "kumomonyoka". Kila mwanafunzi amefundishwa mmomonyoko wa udongo, na kila mtu aliyewahi kuishi katika nyumba ya udongo ameuona ukuta ukimomonyoka kwa mvua. Neno hili lina mambo matatu tunayoyahitaji: maji, upole wa mwendo, na kupungua mpaka kwisha. Tena lina uzazi mzuri: polima yaweza kuitwa "momonyofu", na tendo lenyewe "mmomonyoko". Mtaalamu naye atapata nafasi ya kutofautisha "mvunjiko" wa minyororo, ambao hautangulii kuonekana kwa macho, na "mmomonyoko" wa kitu chenyewe, ambao hufuata. Hata namna mbili za mmomonyoko zaelezeka bila shida: kipande cha sabuni hupungua kuanzia nje, bali ukuta wa udongo ulioloa hudhoofika wote kwa pamoja. PLGA kwa kawaida yafanana na ukuta.

Huenda ikasemwa kwamba mmomonyoko ni neno la hasara. Ni kweli kwa mkulima. Lakini hasara imo katika kitu kinachomomonyoka, haimo katika tendo. Lililo muhimu ni kwamba sentensi itaje waziwazi kuwa polima ndiyo imomonyokayo, wala si jicho.

Kosa la pili la rasimu ni dogo. Neno "vidonge" limetumika kwa chembe na pia kwa vijiti. Kidonge humezwa. Chembe ni punje zinazopimwa kwa mikrometa au nanometa, hali unywele una unene wa mikrometa kati ya 50 na 100 hivi. Kijiti huonekana kwa macho. Dawa mbili za PLGA zilizoidhinishwa Marekani, yaani Ozurdex ya mwaka 2009 yenye miligramu 0.7 za deksamethasoni, na Durysta ya mwaka 2020 yenye mikrogramu 10 za bimatoprosti, ni vijiti. Anayeridhia chembe asidhani ameridhia kijiti.

Kwa hiyo sentensi ya mfasiri twairekebisha hivi: "Dawa imo ndani ya chembe ndogo sana za polima. Maji yaliyomo jichoni huzimomonyoa chembe hizo polepole, dawa ikatoka kidogo kidogo, na mabaki yake huondolewa na mwili." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini haimtishi mgonjwa wala haimdanganyi.

Pendekezo hili bado halijawa sanifu. Twawaomba wafasiri, walimu na wauguzi walijaribu katika kazi zao, kisha watuletee maoni yao, hasa yale ya kupinga.