Sentimita 125 za reli, na treni 6,720

Mtu anaponunua treni ndogo ya umeme kwa mara ya kwanza, ndani ya boksi hukuta duara la reli, kichwa kimoja na mabehewa mawili matatu. Anaunganisha, anawasha, treni inazunguka. Inazunguka tena. Siku ya tatu watoto wanatazama kitu kingine, na wiki ya pili boksi limerudi juu ya kabati. Nimeyaona hayo katika nyumba zaidi ya moja, na watoto hawana kosa. Treni ile haina kazi. Haitoki popote, haiendi popote, haimbebei mtu mzigo wake.

Dawa ilipatikana Uingereza, kwa fundi aitwaye Alan Wright. Alitengeneza ubao mdogo akauita Inglenook Sidings, na mpango wake wa njia ndio unaofuatwa hadi leo na watu wengi wenye hamu ya treni ndogo lakini hawana chumba cha kuziweka. Hauna duara. Una njia tatu za kando zinazokutana kwenye njia moja fupi. Njia ndefu inabeba mabehewa 5, ya pili 3, ya tatu 3. Ile fupi ya mbele, ambako kichwa hurudi ili kubadili njia, inabeba kichwa na mabehewa 3, basi. Mabehewa yote ni 8, na kila moja lina karata yake. Unachanganya karata, unafunua 5, kisha unayapanga mabehewa hayo kwenye njia ndefu kwa utaratibu uleule karata zilivyotoka, bila kugusa behewa kwa mkono.

Tupige hesabu. Karata ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya 8, ya pili kati ya 7, kisha 6, 5 na 4. Zidisha, unapata 6,720. Ukipanga treni moja kila jioni, itapita miaka 18 kabla hujazimaliza. Na huo ni ubao mmoja, wenye pointi mbili tu za kugawia njia.

Nilipoamua kutengeneza wangu nilitaka reli ya kwetu, ile ya mita moja iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Hasa nililitaka tawi la Voi kwenda Taveta, lililojengwa mbiombio wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili kupeleka askari wa Mwingereza mpakani, likaja kuungana na reli ya Mjerumani ya Tanga na Moshi pale Kahe. Ni nchi ya vumbi jekundu, mkonge na migunga, na milima ya Taita kwa nyuma. Sikujaribu kunakili stesheni yoyote ya kweli. Nilitengeneza kituo cha mzigo cha kubuni, ghala moja na njia tatu, mahali ambapo robota za mkonge zingeweza kupakiwa.

Hapo ndipo kipimo kilipoanza kudai haki yake. Reli ndogo iliyoenea zaidi madukani ina upana wa milimita 16.5 na imekusudiwa kipimo cha 1:87. Zidisha 16.5 kwa 87, unapata takriban 1,435, na huo ni upana wa SGR, reli mpya. Ukipandisha juu yake kichwa cha reli ya zamani, mtu aliyekulia kando ya njia atakikataa hata kama hawezi kueleza sababu. Nikachukua reli ya milimita 9 na kujenga kila kitu kwa 1:120. Kwa kipimo hicho njia yangu inasimamia milimita 1,080. Kwa reli ya mita moja imezidi kwa asilimia 8. Kwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye milimita 1,067, ingekuwa karibu sawasawa, na ndiyo sababu mafundi wa New Zealand, ambako reli nayo ni ya 1,067, wanakitumia kipimo hikihiki. Ile asilimia 8 niliikubali kwa macho mawili, kwa kuwa mitambo ya upana wa milimita 9 hupatikana bila shida.

Baada ya hapo hesabu hujiendea yenyewe. Behewa la mita 12 linakuwa sentimita 10, na ndoano zake 11. Mabehewa 5 ni sentimita 55, matatu ni 33. Kichwa changu kina 13, kwa hiyo njia ya mbele ni 46. Weka sentimita 12 kwa kila pointi na nafasi ya mabehewa kupishana bila kukwaruzana, unafika kwenye ubao wa sentimita 125 kwa 30. Unakaa juu ya rafu ya vitabu.

Nilishawishika kuirefusha ile njia ya mbele iwe 60 ili nipate nafasi ya kujigeuza. Ningeuua ubao wote. Fuatilia mfano huu uone sababu. Kwenye njia ndefu, kuanzia upande wa kichwa, kuna mkonge, saruji, mafuta, ng'ombe, na mahindi mwisho kabisa. Njia ya pili imejaa, ya tatu ni tupu. Karata zinataka mkonge ukae nyuma ya mahindi. Kichwa kinavuta matatu ya mwanzo, mkonge, saruji na mafuta, kinayaacha njia ya tatu. Kinarudi kuchukua ng'ombe na mahindi. Sasa umekwama, kwani ukiyarudisha yanarudi vilevile. Basi unayasukuma yote mawili hadi njia ya tatu, unaunasa mkonge nyuma ya mahindi, unaukata kutoka kwa saruji na kuvuta. Kichwa, ng'ombe, mahindi, mkonge: njia ya mbele imejaa hadi ncha. Unasukuma kwenye njia ndefu, unakata nyuma ya ng'ombe, unayaacha mahindi na mkonge wake. Lililokuwa la kwanza limekuwa la mwisho.

Zile sentimita 46 ndizo zilizokulazimisha ufikiri. Zikiwa 60 utavuta mabehewa manne kwa mkupuo na nusu ya mafumbo yatajifungua yenyewe. Zikiwa 35, hatua hiyo haiwezekani hata kidogo. Kukata ndoano natumia kijiti cha mshikaki kilichochongwa bapa. Wengine huweka sumaku chini ya reli, lakini kijiti hakijawahi kuniangusha.

Kitu cha pili kinachoukuza ubao mdogo ni mwendo. Kichwa kinachopanga mabehewa stesheni hakikimbii. Tuseme kinakwenda kilomita 8 kwa saa, mwendo wa mtu mwenye haraka ya miguu. Gawanya kwa 120, unapata chini kidogo ya sentimita 2 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kuimaliza njia ya mbele kunachukua sekunde 25, na ubao mzima zaidi ya dakika. Anayezungusha kitufe cha mwendo hadi mwisho anauvuka kwa sekunde tatu, kisha analalamika kwamba ubao ni mdogo.

Ila mwendo wa kutambaa hauna huruma na umeme. Pointi nyingi za bei nafuu zina kipande cha plastiki pale reli mbili zinapokatana, na plastiki haipitishi umeme. Kichwa kinachokimbia kinaipita kwa kasi yake, kinachotambaa kinakufa juu yake. Nilizibadilisha zote mbili, nikaweka zile ambazo kipande hicho ni cha chuma na kinapata umeme kwa waya wake, kupitia swichi inayogeuka pamoja na pointi. Kabla ya kila mchezo nafuta reli kwa kitambaa chenye spiriti. Hapa pwani, kwa hewa hii ya chumvi, ukiruka siku chache utaona.

Sasa mandhari, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi huanza na miti na kusahau ardhi. Ukiutazama ubao wangu kutoka sentimita 60, jicho lako liko mita 72 kutoka kwenye njia. Kutoka mita 72 hakuna anayeona changarawe mojamoja. Anaona rangi. Kwa hiyo udongo lazima uwe unga. Nilileta udongo mwekundu wa kweli kwenye mfuko, nikaukaanga kwenye sufuria kavu kuua wadudu, nikaupitisha kwenye chujio la chai, kisha kwenye soksi nyembamba ya nailoni. Uliopita kwenye chujio ukakwama kwenye soksi uligeuka kokoto za kati ya mataruma, punje zisizofika nusu milimita. Uliopita soksi ndio ardhi.

Mara ya kwanza niliumwaga hivyohivyo, na siku ya pili kichwa kikaanza kukoroma. Udongo mwekundu una chuma. Punje zake zilivutwa na sumaku ya mota, zikaingia ndani hadi kwenye gia. Ikabidi nikifungue chote na kukisafisha kwa brashi. Tangu hapo natandaza udongo juu ya gazeti na kupitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi, mara tatu, nne, hadi itoke bila manyoya meusi. Usiruke hatua hii hata kama udongo wako ni wa kijivu.

Kuna pia jambo la rangi. Udongo halisi ukishalowa gundi huiva, na juu ya ubao mdogo rangi iliyoiva inafanana na damu. Ardhi ya mbali hupauka kwa hewa na mwanga. Nilichanganya vijiko vitatu vya udongo na kimoja cha unga wa jasi, nikautandaza, nikaunyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha nikadondosha gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, moja kwa mbili. Sabuni inaifanya gundi inywewe badala ya kukaa juu kama lulu. Ilipokauka, kwa mara ya kwanza nilihisi joto la mahali pale.

Mataruma yalihitaji rangi upya. Yale ya kununua yamechorwa mfano wa mbao nyeusi, lakini reli yetu ya zamani ililala kwa sehemu kubwa juu ya mataruma ya chuma. Rangi ya kutu, basi, na ubavu wa reli vilevile. Nyasi kavu nilizitengeneza kwa singa za mkonge kutoka kwenye kamba, zikakatwa milimita 5, yaani sentimita 60 za kweli. Migunga ni waya za shaba zilizosokotwa, na vichwa vyake bapa ni unga wa mbao uliotiwa rangi. Milima ya nyuma nimeichora kwa buluu iliyopauka bila alama yoyote ndani yake, maana ukiichora vizuri mno inasogea mbele na kuubana ubao.

Aliyefundisha wengi kwamba kitu kidogo huaminika kikishachakaa ni Mmarekani John Allen wa Monterey, California. Alikuwa mpiga picha, na kutu, masizi na mbao zilizopinda kwenye reli yake zilibadili macho ya mafundi wenzake. Ndiye pia aliyebuni Timesaver, fumbo jingine la kupanga mabehewa, lililochapishwa mwaka 1972. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Tunaijua kwa picha.

Mimi somo hilo nililipata kwa jirani, mzee aliyefanya kazi ya reli miaka mingi. Alivuta kiti, akatazama kimya treni nzima ikipangwa. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa kichwa hakijawahi kusimama."

"Kwa nini, mzee?"

Akaweka kidole mbele ya ghala. "Pasafi. Kichwa kikisimama kinadondosha mafuta."

Jioni ile nilipaka mstari mweusi katikati ya reli, mpana pale kichwa kinaposubiri, mwembamba kinapopita, na juu yake vanishi kidogo ili ung'ae. Ni kazi ya dakika tano. Haikuwepo kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Ghala ndilo lililonipa taabu, na taabu yenyewe ilikuwa mabati. Bati la mawimbi lina takriban milimita 76 kutoka wimbi hadi wimbi, na kwa 1:120 hiyo ni milimita 0.63. Bolti ya milimita 4 ina hatua ya uzi ya milimita 0.7. Nikaizungushia foili ya kufungia chakula, nikasugua kwa ukucha hadi uzi ukachapika, nikaikunjua na kukata vipande. Kila kipande kina urefu wa sentimita 1 na kitu, kwa hiyo paa limepigwa safu mbili mbili, chini kwanza, juu ikilalia, kama fundi wa kweli anavyofanya. Vipande viwili niliviacha vimepinda.

Kilichokosekana ni vipimo vya ghala lenyewe. Picha zinaonyesha sura, hazisemi mlango una upana gani wala jukwaa limeinuka kiasi gani juu ya reli. Nilikadiria kwa urefu wa watu waliosimama kwenye picha, na najua nimekosea mahali. Kwa hiyo nina ombi. Kama unaishi karibu na stesheni ya zamani ya reli ya mita moja, iwe Kenya, Tanzania au Uganda, omba ruhusa, chukua futi kamba na daftari. Pima mlango, pima kimo cha ukuta, pima kutoka ukingo wa jukwaa hadi reli ya karibu, piga picha moja ukiwa umesimama sambamba na ukuta. Uandike tarehe, uhifadhi. Kuna mtu mwenye ubao wa sentimita 125 anayevihitaji vipimo hivyo.