Ufundi wa Kuzima Redio

Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoenea vijijini Tanzania, teknolojia ya kufundishia ilikuwa redio. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo mafupi. Kipindi kikiisha, redio inazimwa na kazi yenyewe inaanza: kusoma kijitabu, kubishana, kukubaliana, kisha kushika majembe na kuchimba vyoo. Redio ilileta habari. Kuzigeuza habari hizo kuwa elimu ilikuwa kazi ya kiongozi, na alihitaji kujua saa ya kuzima.

Ufundi huo haujafa. Yupo mwalimu wa jiografia ninayemfahamu, aliyeanza kazi enzi za saiklostaili na wino wa kuchafua mikono, na sasa anafundishia kishikwambi. Ni katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, baadaye vikagawiwa walimu. Kishikwambi kimoja, wanafunzi sitini. Anayedhani chombo hicho kitafundisha chenyewe akakae dawati la nyuma: wa mbele wataona video, yeye ataona migongo.

Siku ya somo la volkano, video ya Ol Doinyo Lengai huwa ameshaipakua usiku, mtandao ukiwa umetulia. Lakini haanzi nayo. Anachora mlima ubaoni, taratibu, huku akiuliza huku na kule, mpaka anapofika kwenye lava. Ina rangi gani? "Nyekundu!" darasa zima linajibu, kama kitabu kinavyoonyesha. Ndipo anapopita na kishikwambi safu kwa safu, anawaonyesha sekunde chache tu na kusimamisha. Kinachobubujika kretani ni cheusi kama oili chafu. Minong'ono inaanza, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, mbona hii haiwaki?"

Kipindi kizima kimepangwa ili swali hilo litoke kwa mtoto. Sasa anaeleza. Lava nyingi tunazoziona zikiwaka huwa na joto la nyuzi 1,000 hivi au zaidi. Ya Lengai hucheza kati ya 500 na 600, kwa hiyo mwanga wa jua huufunika mng'ao wake. Silika ndani yake ni kidogo mno, ila imejaa kabonati za sodiamu na potasiamu, na ikishapoa na kunyonya unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Anatoa mfukoni kipande cha magadi, haya haya ya sokoni ya kulainishia maharage, kizunguke mikononi mwao: nayo yana kabonati ya sodiamu. Ziwa Natron, lenye magadi tele, liko karibu na mlima huohuo. Wakati huo kishikwambi kimeshazimwa, kiko mezani.

Mengi ya hayo hakuyapata chuoni. Aliyapata ukubwani, baada ya mwanafunzi kumuuliza jambo akamjibu waziwazi kwamba hajui, kisha akaenda kwa mwalimu wa kemia, kijana wa umri wa mwanawe, akakaa naye kama mwanafunzi. Kijana naye alijifunza: kwamba swali likishaulizwa, mwalimu mzuri huhesabu moyoni kabla ya kujibu, maana mwanafunzi wa pili huwa anakuja na jibu lake. Ubadilishanaji wa namna hii hauna cheti wala posho, labda ndiyo maana hauandikwi kwenye ripoti.

Siku hizi amehamia kwenye akili mnemba. Haiogopi, wala haiamini. Anaiagiza aya moja kuhusu Bonde la Ufa, anaichapa, anawapa kidato cha tatu pamoja na atlasi, na kazi ni moja tu: tafuta palipokosewa. Ikikosea, darasa linashangilia. Ikipatia, anarudi kuiuliza jambo gumu zaidi. Vyovyote vile, watoto wameishika atlasi, jambo ambalo kwa kuwaambia tu "someni atlasi" halitokei.

Najua zipo shule ambako vishikwambi vimefungiwa kabatini visije vikaharibika, na wapo walimu wanaosema wazee hawafundishiki. La kwanza ni woga wa kuulizwa mali ya serikali, naweza kuuelewa. La pili silikubali. Mwenye miaka thelathini ya kusoma nyuso za watoto ana kitu ambacho programu yoyote mpya inakihitaji. Kinachomkosesha raha ni semina inayomfundisha vitufe bila kumuuliza anafundisha nini. Mimi kwenye semina hiyo ningefuta hotuba ya mgeni rasmi, muda wake nikampa kila mwalimu achague mada moja inayomsumbua darasani, akae na mwenzake na kishikwambi, watoke na kipindi kimoja cha kufundisha Jumatatu.