Kiwango, Kipimo na Kikomo

Matangazo ya nafasi za utafiti kwa wenye shahada ya uzamivu, katika fani za sayansi ya vipimo, maada na utengenezaji wa viwandani, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Yanapofasiriwa huzuka makosa ambayo hatuna budi kuyajadili.

Kosa la kwanza ni kuziita "nafasi za masomo". Aliyekwisha hitimu uzamivu hasomei tena shahada. Huajiriwa kwa muda ili atafiti. "Utafiti wa baada ya uzamivu" ni istilahi ndefu, lakini haipotoshi. Kosa la pili ni "sayansi ya vifaa". Kifaa ni kitu kilichokwisha tengenezwa, ilhali sayansi hii huchunguza kile ambacho vifaa hutengenezwa nacho. "Maada" ni afadhali.

Kosa la tatu ndilo zito, nalo ni matumizi ya neno "kiwango". Tutazame Kikwe, kata ya Wilaya ya Meru, wilaya ambamo pia mna Tengeru, makao ya Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floraidi katika maji ya sehemu nyingi za wilaya hiyo. Floraidi ikizidi huyatia meno rangi ya kahawia, na ikizidi mno huidhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Miongoni mwa maada zinazotumika kuipunguza ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Sasa tuseme mtafiti amepima maji ya kisima, na mfasiri akaandika: "Kiwango cha floraidi ni miligramu 1.5." Je, hicho ndicho kiasi kilichokutwa kisimani, au ndicho kiasi kisichopasa kupitwa? Sentensi haisemi. Mama anayejaza ndoo aweza kudhani kwamba kisima chake ni salama, kumbe ameambiwa sheria tu.

Hatuwezi kudai kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa mwaka 1975. Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002. Majina hayo mawili yametenganisha kanuni iliyowekwa na tendo la kupima. Wafasiri ndio tunaoyachanganya tena.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi: "kiwango" kibaki kuwa kanuni iliyokubaliwa; "kikomo" kiwe kiasi cha juu kinachoruhusiwa na kanuni hiyo; na matokeo ya upimaji yaitwe "kiasi kilichopimwa". Sentensi yetu itakuwa: "Kiasi kilichopimwa ni miligramu 4 kwa lita, kikomo ni 1.5." Hapo hata asiyejua kemia ataelewa kwamba maji hayo hayafai kunywewa.

Walimu na watumishi wa serikali wenye mapendekezo yaliyo bora kuliko haya wanaombwa wayatoe. Neno likishazoeleka katika fomu na mabango, kuling'oa ni kazi ya miaka.