Kutoka Waridi hadi Omena: Kipindi cha Kwanza cha Uchumi Mikro

Mhadhara wa kwanza wa somo la 14.01, utangulizi wa uchumi mikro katika chuo cha MIT, Marekani, unatumia mfano wa soko la maua ya waridi. Profesa Jonathan Gruber anachora mistari miwili: wa mahitaji unashuka, wa ugavi unapanda, na pale inapokutana ndipo bei hutulia. Video zake za mwaka 2018 ziko wazi kwenye OpenCourseWare, huduma ambayo MIT iliitangaza mwaka 2001. Hakuna ada wala kujisajili. Aliye Mbita au Rongo, magharibi mwa Kenya, anahitaji simu, daftari na bando la kupakulia. Akishapakua, hata mtandao ukipotea kipindi kinaendelea.

Kupakua ni kazi ya jioni moja. Ugumu huanza mistari inapoanza kusogea.

Mwanafunzi mgeni huchanganya mambo mawili: kutembea juu ya mstari na kuhama kwa mstari wenyewe. Ubaoni yanafanana, na waridi halimsaidii sana mtu ambaye hajawahi kulinunua. Mtu wa Homa Bay ana bidhaa iliyo bora zaidi kwa zoezi hili, nayo ni omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria.

Omena huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwa kali samaki hawafuati mwanga na mavuno hupungua. Isitoshe, kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, Kenya hufunga uvuvi wa omena ili samaki wazaliane. Miezi hiyo hakuna aliyeacha kupenda omena. Mlaji ni yuleyule, na mtengenezaji wa chakula cha kuku bado anaitaka. Mstari wa mahitaji umebaki palepale. Uliohama ni wa ugavi, umesogea kushoto.

Hesabu ndogo inalionyesha hilo. Tuseme, kwa mfano tu, soko moja linahitaji magorogoro (makopo ya kupimia) 600 kwa siku, ukitoa mara mbili ya bei kwa shilingi. Tuseme pia wauzaji huleta idadi inayolingana na bei: shilingi 100, magorogoro 100. Bei hutulia kwa shilingi 200 na magorogoro 200 huuzwa. Uvuvi ukifungwa, kwa kila bei wauzaji huleta magorogoro 150 pungufu. Ukikokotoa upya, bei ni 250 na mauzo ni 100.

Hapo kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Ugavi umepungua kwa 150, lakini mauzo yamepungua kwa 100 tu. Yale 50 yametoka wapi? Bei ya juu imewavuta wauzaji waliokuwa wameweka akiba ya omena iliyokaushwa, pamoja na wachuuzi wanaoleta shehena kutoka Tanzania na Uganda. Hao wametembea juu ya mstari mpya wa ugavi. Wanunuzi nao wametembea juu ya mstari wao wa zamani: mama aliyekuwa akinunua gorogoro zima sasa ananunua nusu. Mstari mmoja umehama, lakini watu wa pande zote mbili wametembea.

Wazo la pili la wiki ya kwanza ni gharama ya fursa, yaani thamani ya kile unachokiacha unapochagua kingine. Hapa mwalimu ni kaunti ya Migori. Katika eneo la Kuria, wakulima wamelima tumbaku kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani, pamoja na serikali ya Kenya, wamekuwa wakiwasaidia kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma, huku wakitafutiwa soko. Anayelinganisha bei ya kilo ya tumbaku na kilo ya maharagwe amekosea hesabu. Tumbaku hushika shamba na mikono ya familia kwa sehemu kubwa ya mwaka, tangu kitaluni hadi kwenye tanuri la kuni. Maharagwe hukomaa kwa takriban miezi mitatu. Gharama ya tumbaku basi inajumuisha msimu mzima wa chakula ambao haukupandwa, ingawa hakuna risiti inayouonyesha.

Kwa anayeanza, mpango unaofaa ni kuukata mhadhara vipande vipande: kusimamisha video kila mchoro unapotokea, kuuchora upya kwa bidhaa ya soko la karibu, kisha kuandika pembeni ni mstari gani uliohama na kwa nini. Ndipo afungue mazoezi.

Swali la kujipima linaweza kutoka ufukweni Sori. Mashua zinarudi ziwani Agosti 1, na wiki hiyohiyo watengenezaji wa chakula cha mifugo wanaongeza maagizo. Mistari yote miwili imehamia kulia. Kiasi kitakachouzwa hakika kitaongezeka. Bei, mwanafunzi hawezi kuitabiri mpaka ajue ni mstari upi uliosogea zaidi.