Mtenda na Mtendwa: Kitabu cha Annie Ernaux juu ya Kutoa Mimba

Mwaka 2000 mwandishi wa Kifaransa Annie Ernaux alichapisha mjini Paris kitabu kifupi, kisichofikia kurasa 150, akakiita L'Événement, yaani Tukio. Ndani yake anasimulia jinsi alivyotoa mimba mwezi wa Januari 1964, alipokuwa mwanafunzi wa miaka 23 katika mji wa Rouen, wakati ambapo sheria ya Ufaransa ililihesabu jambo hilo kuwa uhalifu. Mwaka 2021 filamu ya Audrey Diwan iliyotokana na kitabu hiki ilipata Simba wa Dhahabu huko Venice, na mwaka 2022 mwandishi mwenyewe akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kwa hiyo kitabu hakingojei kutangazwa nasi. Tunakileta mbele ya walimu wa Kiswahili kwa sababu kinauliza swali la lugha: jambo ambalo watu wote wanalijua na hakuna anayelitaja, litasemwa kwa maneno gani, na ni nani mwenye haki ya kulisema?

Hadithi yenyewe si ndefu. Msichana, binti wa wenye duka la vyakula na mgahawa mdogo katika mji wa Yvetot, ni wa kwanza katika ukoo wake kufika masomo ya juu. Anapata mimba kwa kijana mmoja, mwanafunzi wa Bordeaux. Anakwenda kwa madaktari. Mmoja anamwandikia dawa ya kudungwa, naye anaipokea akiamini itamrudishia hedhi, kumbe ni dawa ya kuilinda mimba isitoke. Anajaribu mwenyewe kwa sindano ya kufumia, anashindwa. Mwishowe mwanafunzi mwenzake, mwanamke aliyekwisha kupitia njia hiyo, anampa anwani na kumkopesha faranga 400. Anasafiri hadi Paris, katika kichochoro kiitwacho passage Cardinet, kwa mama mmoja mtu mzima aliye msaidizi wa wauguzi. Usiku wa tarehe 20 kuamkia tarehe 21 Januari mimba inatoka bwenini, na msaidizi wake ni jirani yake wa chumba tu. Damu inazidi kumtoka, anapelekwa hospitali, anaokoka.

Maudhui: sheria na tabaka

Msomaji aliyefunzwa uhakiki katika vyuo vyetu atauliza kwanza habari ya jamii, na kitabu kinamjibu. Sheria ya mwaka 1920 ilikataza kuchochea watu watoe mimba na hata kueneza habari za njia za kuizuia. Sheria hiyo ilikuwa moja kwa wote, lakini haikuwaumiza wote sawasawa. Mwenye fedha aliweza kwenda Uswisi au kumpata daktari aliyekubali kwa siri. Asiye na fedha alikwenda kwa mama wa kichochoroni. Ernaux anatambua kwamba mimba ile ilimrudisha pale alipodhani amekwisha kutoka. Alikwisha kuepa kiwanda na kaunta ya duka kwa njia ya elimu, na sasa mwili wake ukamvuta tena katika ukoo wa watu wasio na sauti.

Pana tukio moja la hospitali linalobeba maana hii yote. Daktari kijana, alipoombwa maelezo na mgonjwa aliyelala mbele yake, alimfokea kwamba yeye si fundi wa mabomba. Baadaye ilijulikana kuwa mgonjwa ni mwanafunzi wa chuo kikuu kama yeye, na kilichomsumbua daktari kikawa kwamba hakuambiwa mapema. Ernaux haongezi laana wala mahubiri. Anamwacha msomaji aone mwenyewe kwamba adabu ya daktari ilikuwa na bei, na kwamba aliyedhaniwa kuwa mfanyakazi wa kiwandani hakustahili adabu hiyo.

Mambo yamebadilika huko. Mwaka 1971 wanawake 343 walitia saini tamko la kukiri kuwa wamewahi kutoa mimba. Mwaka 1975 ikapita sheria iliyotetewa na waziri Simone Veil. Na mwaka 2024 uhuru huo ukaandikwa katika katiba ya Ufaransa. Kwetu sisi, Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 inazitaka nchi zilizoiridhia ziruhusu mimba itolewe hospitalini pale ambapo mwanamke amebakwa, amepata mimba kwa maharimu, au maisha na afya yake vimo hatarini. Kongo iliitangaza itifaki hiyo katika gazeti lake rasmi mwaka 2018. Uganda, ilipoiridhia mwaka 2010, ilikataa kufungwa na kifungu hicho. Lakini sheria ikibadilika, maneno hayabadiliki siku ile ile. Mwanamke mwenye ruhusa ya sheria bado atatafuta sentensi ya kumwambia muuguzi, na mama yake, na nafsi yake. Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa lugha inapoanza.

Sarufi ya aibu

Tutazame vitenzi vyetu. Mwanamke hutiwa mimba, hupewa mimba, na katika maneno ya vijana hupachikwa mimba. Hapo yeye ni mtendwa, na kauli ya kutendwa inamruhusu msemaji kumwacha mtenda nje ya sentensi. Lakini mimba ikitolewa, sarufi inageuka ghafula: mwanamke anatoa mimba, nasi huku Kivu twasikia kila siku kwamba ametosha mimba. Sasa yeye ndiye mtenda, tena peke yake, kwa kauli ya kutenda iliyo wazi kama jua la mchana. Aliyetia hayumo. Aliyemfukuza nyumbani hayumo. Aliyechukua fedha hayumo. Na jamaa wakitaka kumsitiri, husema mimba imeharibika au imetoka, kauli ambayo haina mtenda wala mtendwa, kana kwamba jambo limejiendea lenyewe kama chungu kilichovunjika rafuni.

Basi tuna sentensi tatu. Ya kwanza inamficha mwanamume, ya pili inamfichua mwanamke, ya tatu inawafunika wote. Hatuna sentensi ya nne, inayowataja wote waliohusika kila mmoja kwa kitenzi chake.

Kifaransa nacho kilikuwa na mashimo yake. Ernaux anaeleza kwamba siku zile hakuweza kutumia maneno ya kawaida ya hali yake. Katika shajara yake aliita kile kilichompata jambo lile, kitu kile. Kitabu alichokiandika miaka 36 baadaye kinakuja kuijaza nafasi ile tupu, naye anafanya hivyo kwa sarufi. Anasema mimi: mimi nilitafuta, mimi nilijaribu, mimi nilikwenda. Wakati huo huo anamrudishia kila mtu kitenzi chake. Kijana wa Bordeaux alikaa mbali, daktari aliandika dawa, rafiki alikopesha, mama wa kichochoroni alichemsha vyombo, jirani wa bwenini alileta mkasi. Hakuna anayetukanwa na hakuna anayeachwa nje ya sentensi. Hiyo ndiyo sentensi ya nne tunayoikosa.

Fani

Wasomaji wetu waliolelewa na mashairi na methali huenda wakaiona lugha ya kitabu hiki kuwa kavu. Hakina tamathali nyingi, wala hakitafuti machozi. Mwandishi anashika tarehe, majina ya mitaa, kiasi cha fedha, rangi ya kuta. Watu halisi anawataja kwa herufi za mwanzo tu. Mara kwa mara anasimamisha hadithi, na ndani ya mabano anaeleza anavyojisikia anapoandika, kile anachokikumbuka na kile kilichomponyoka. Kwa njia hii pana wasimulizi wawili katika nafsi moja: msichana wa 1964 na mwanamke anayemtazama kutoka mbali.

Faida ya ukavu huu inaonekana tukikumbuka kwamba Ernaux alikwisha kulitumia tukio hili mara moja, katika riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1974, Les Armoires vides. Mule alimvika mhusika wa kubuni, na lugha yake ilijaa hasira na matusi. Katika riwaya ile mimba iliyotolewa ni mlango wa kuingilia utoto na tabaka la mhusika. Katika kitabu cha mwaka 2000 ndiyo nyumba yenyewe. Hasira imeondoka, uzito umebaki.

Fasihi yetu haikulikwepa jambo hili kabisa. Euphrase Kezilahabi aliligusa katika Rosa Mistika mwaka 1971, na kitabu kile kilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Kezilahabi alikuwa jasiri, na hakumwacha baba mkali bila hatia: mwisho wa riwaya Zakaria anashtakiwa pamoja na binti yake mbele ya Mungu. Lakini anayesimulia ni sauti ya mtu wa tatu aliye juu ya wahusika wote, na Rosa anaishia kujiua. Kwa hiyo tunamjua kwa kusimuliwa, na hafikii umri wa kusema mwenyewe. Riwaya ya maadili humtaka msichana wa namna hii afe, ili wasomaji wapate funzo. Msichana wa Ernaux anaishi, anafaulu mtihani, anakuwa mwalimu kama sisi, anazeeka. Swali la kitabu chake ni gumu kuliko la kifo: aliyeokoka huishi vipi na jambo ambalo hana ruhusa ya kulitaja?

Baada ya tukio

Hapa ndipo kitabu kitawagawa wasomaji wetu. Tumezoea kutegemea majuto. Ernaux hayaleti, na wala halikimbilii neno la ushindi. Anasema kwamba kwa miaka mingi usiku ule wa tarehe 20 Januari ulikuwa kwake siku ya kumbukumbu, kama mtu aadhimishavyo matanga au kuzaliwa. Anasema alikwenda kuungama kwa padre, akatoka akijua kwamba mbele ya padre yule yeye ni mhalifu, na siku hiyo dini ikamwisha. Anakiri kwamba hatia moja tu ilimwandama: kwamba jambo lile lilimpata naye hakulifanyia kitu. Kwa kuliandika akaifuta.

Mwenye imani anaweza kulikataa jibu hili, na kitabu hakimzuii. Wala tusilichukue kuwa jibu la wanawake wote. Wako wanaoomboleza maisha yao yote; wako wanaopata faraja na kuendelea; wako wanaobeba yote mawili kwa zamu. Thamani ya kitabu ni kwamba kimetoa ushuhuda mmoja kamili, badala ya maoni elfu ya watu ambao hawakuwepo.

Kina dosari pia. Mama wa kichochoroni, ambaye Ernaux anamwandika kwa heshima kubwa, anabaki mikono na vyombo. Hatujui alifikaje kwenye kazi ile, naye alikuwa wa tabaka lile lile ambalo mwandishi anataka kulipa sauti. Wazazi nao wamewekwa pembeni, ingawa woga wa kuwaaibisha unaifukuza hadithi nzima kutoka nyuma. Na kurasa za usiku wa bwenini zimeandikwa wazi mno. Mwalimu asizitie mikononi mwa watoto wadogo.

Tafsida na heshima

Najua pingamizi litakalotolewa. Kiswahili ni lugha ya adabu, na tafsida ni pambo lake. Mambo ya uzazi husemwa kwa kufunikwa, na aliye na haya hayataji. Pingamizi hili lina haki yake, wala sishauri tuitupe tafsida. Lakini tutofautishe tafsida mbili. Moja inamsitiri mtu: tunasema mama amejifungua, tunamwondolea macho ya watu. Nyingine inausitiri uovu: tunasema binti ameharibika, nasi tunamfunika aliyemharibu. Neno hilo la mwisho tunalitamka katika vikao vya walimu bila kuona haya, na msichana aliyetajwa hivyo huondoka shuleni na lisilotajwa jina hubaki. Kulisema neno la namna hii si adabu.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo kwa wenzangu wa vyuo vya ualimu na wa madarasa ya juu, hasa katika nchi ambamo wanafunzi wanasoma Kifaransa na Kiswahili pamoja. Tuchukue ukurasa mmoja wa kitabu hiki, ule wa daktari na mgonjwa hospitalini, tuwape wanafunzi waufasiri. Watakwama mapema. Watabishana kama waandike kutoa, kutosha, kuharibu au kuporomosha. Watauliza nani awe kiima cha sentensi. Watatafuta namna ya kumfanya daktari afoke kwa Kiswahili bila kumpunguzia ukali wala kumwongezea. Mwalimu asiwaharakishe. Kila watakapopendekeza kitenzi, awaulize swali lile lile la sarufi tunalowauliza tangu darasa la tano: mtenda ni nani, na mtendwa ni nani?