Mjane na Kampuni ya Sigara

Wapendwa, mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi tena na tena akitafuta haki. Hapa Kenya, kampuni ya British American Tobacco nayo ilikwenda mahakamani kupinga Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014. Mahakama Kuu ilikataa sehemu kubwa ya hoja zake mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa 2017, na Mahakama ya Juu Novemba 2019. Kukata rufaa ni haki ya kila mtu, wala hatulaumu hilo. Lakini mjane aliumia hukumu ilipochelewa, kampuni ilinufaika. Miaka hiyo sigara ziliuzwa, vijana wetu wakavuta, nasi kanisani tukanyamaza. Ndugu, tutubu ukimya wetu.