Usahili wa Msonge na Nyumba ya Mapumziko

Usahili wa nyumba husifiwa kwa wepesi na kupimwa kwa shida. Aghalabu sifa zake hutolewa kwa kuhesabu visivyokuwamo: ukuta usio na nakshi, chumba kisicho na kabati, dirisha lisilo na pazia. Hesabu ya namna hii haitoshi, kwani chumba cha mfungwa nacho hakina pazia. La kuulizwa ni hili: vitu vilivyoondolewa ndani vimekwenda wapi, na ni nani anayevitunza huko vilikokwenda?

Mfano utajwao kuliko yote ni nyumba ya mapumziko ambayo Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Marekani, alimjengea Dk. Edith Farnsworth mashambani, kando ya mto Fox, karibu na mji wa Plano katika jimbo la Illinois. Ilikamilika mwaka 1951. Ni sakafu moja na paa moja vilivyoshikwa na nguzo nane za chuma, na kuta za nje ni vioo vitupu. Kwa jicho la mpita njia ni kazi nzuri mno. Walakini mwenyewe alilalamikia joto, wadudu waliofuata taa usiku, macho ya watu, na gharama iliyopita makadirio, hata wawili hao wakafikishana mahakamani. Mto nao ulifurika ukaingia ndani zaidi ya mara moja. Mwaka 1972 nyumba iliuzwa, na siku hizi hutembelewa kama makumbusho.

Nyumba inayofaa kupambanishwa na hiyo ilijengwa kwa vizazi vingi huko Bukoba na Muleba, magharibi ya Ziwa Victoria. Nayo ni msonge wa Wahaya, ambao wenyewe huuita omushonge. Neno msonge limo katika Kiswahili kwa maana ya nyumba ya mviringo yenye paa lililochongoka, lakini katika msonge wa Kihaya ilikuwa vigumu kusema paa linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, maana nyasi zilianza kileleni zikateremka mpaka karibu na ardhi. Ndani, nguzo za miti na viambaza vya matete viligawa mahali pa moto, pa kulala na pa mifugo. Chini palitandikwa nyasi. Vyombo vilikuwa vichache.

Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba hapa usahili umefikia ukamilifu, kisha aende zake. Lakini hajauona msonge wote. Nyumba hiyo ilisimama ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba lililochanganywa na mibuni na maharage, na nje ya kibanja ilikuwako rweya, mbuga ya nyasi. Nyasi za rweya ziliezeka paa, zikatandika sakafu, zikafunika udongo chini ya migomba. Ng'ombe walilishwa huko rweyani, na samadi yao ikapelekwa kibanjani. Migomba ilileta chakula, pombe, majani ya kufungia na kamba. Wafu walizikwa humo humo, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa hiyo kabati la msonge lilikuwa nje, nalo lilikuwa hai. Utupu wa ndani ulitokana na wingi wa nje, na wingi huo ulitokana na watu kuwapo kila siku.

Haifai, hata hivyo, kuupamba msonge kwa sifa usizokuwa nazo. Ulikuwa na giza na moshi. Mwambao wa Bukoba hupata mvua ya kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka, nayo mvua hiyo huozesha nyasi. Mzigo wa nyasi za sakafu aghalabu ulikaa kichwani mwa mwanamke, na hakuna mbunifu aliyeuhesabu. Mtu aliyenunua mabati kwa fedha ya kahawa hakuisaliti sanaa ya babu zake, alichoka kuezeka.

Nyumba ya Kihaya imo pia katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Umbo lake laonekana vizuri. Walakini haina kibanja wala rweya, na hakuna anayelala humo. Hapo ndipo msonge unapofanana hasa na kioo cha Illinois.

Basi na tuchukue mzaliwa wa Muleba afanyaye kazi Dar es Salaam, anayetaka kujenga katika kibanja cha baba yake nyumba ya kufikia mwezi wa Desemba: kuta nyeupe, sakafu ya saruji iliyosuguliwa, dirisha pana linalotazama ziwa. Hakuna ubaya katika mchoro huo, na kwa macho waweza kuwa mzuri kuliko majumba yenye nguzo za urembo na mageti ya dhahabu bandia. Ila kibanja hakingoji Desemba. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulioingia Kagera mwaka 2006, ukaanzia wilaya hiyo hiyo ya Muleba, hauna dawa ya kunyunyizia. Huzuiwa kwa uangalizi: kuondoa maua dume mapema kwa mti wenye panda, kusafisha panga kabla ya kugusa mgomba mwingine, kung'oa uliougua. Kazi hiyo yataka mtu apitaye kibanjani mara kwa mara.

Mtu huyo, awe shangazi, mdogo wa mwenye nyumba au kibarua, ndiye anayeuwezesha ule utupu upendezao dirishani. Majembe yake yatawekwa wapi? Moto wake utawashwa wapi, na ndizi alizovuna zitaivia wapi? Mhakiki akipewa mchoro wa nyumba kama hiyo, na aanze kuutazama hapo, kabla ya kufika kwenye dirisha.